Tundu Lililorukwa

Kuishi na wifi mwenye miguu miwili ni kazi. Kuishi na wifi mwenye mguu mmoja na mdomo mzima, hiyo mwenzangu usiombe yakukute. Nasema hivi nikiwa nampenda, tuelewane. Lakini kipindi kile alichokaa kwangu baada ya kupasuliwa mguu, kuna siku nilitamani daktari angemshona na mdomo, kidogo tu, pembeni.

Mume wangu ndiye aliyemleta. Dada yake anaishi ghorofani, kwenye jengo lenye ngazi nyembamba zisizo na pa kushika, na daktari alikuwa amesema mguu ule usikanyage chini hata kwa bahati mbaya. Mume wangu akasema, "Atakaa kwetu mpaka apone." Hakuniuliza, aliniarifu. Halafu akakumbuka ana nyaya za kwenda kufunga mahali, maana yeye ni fundi umeme, na umeme wa watu huwa unaharibika kila mimi nikianza kukunja uso.

Wifi yangu huyo wote wanamwita Kocha. Hata mama mkwe wangu, aliyemzaa, kwenye simu anauliza, "Kocha amekula?" Kazi inayomlisha ni utarishi: anasambaza barua na mafaili kutoka ofisi moja hadi nyingine, kwa miguu, na mabosi wake wanampenda kwa sababu akitumwa hufika kabla hawajakata simu. Kabla ya kazi na baada ya kazi anafundisha kikundi cha wakimbiaji wa mbio ndefu. Uwanja wao ni ule wa nyuma ya ghala la zamani, una nyasi upande mmoja na mashimo upande wa pili. Hawalipwi na mtu. Sare nawashonea mimi, na kitambaa nachagua mimi, kwa sababu nikiwaachia wao watavaa magunia na kusema hewa inapita vizuri.

Makocha wengine hukaa pembeni na saa mkononi wakipiga filimbi. Huyu wangu anakimbia nao, tena nyuma yao. Anasema mkimbiaji humjui kwa kumtazama usoni, unamjua kwa kumsikiliza anavyokanyaga. Na uso haumsaidii mtu kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kuufunga. Ukiwa na kikundi chake, hata mapafu yakitaka kutoka mdomoni, uso usiwe na habari. Mpinzani akikutazama asijue kama una nguvu za kufika mjini au umebakiza hatua ya mwisho. Nimewaona wale mabinti wakiishiwa kabisa, macho makavu, wametulia kama wanangoja huduma benki. Mimi mambo hayo hata sitaki kuyaangalia.

Aliwahi kuolewa. Yule bwana hakuwa mtu mbaya, alichoka tu. Siku moja aliniambia, "Shemeji, mke wangu mimi namjua zaidi kwa mgongo." Wakaachana bila kelele, na mpaka leo akimwona barabarani anampigia honi. Watoto hawakupata. Wale wakimbiaji ndio wanawe, na kati ya wale wanawe kuna mmoja ambaye wengine wote wanajua ndiye mtoto wa mwisho, yule wa kubembelezwa. Huyo ni binti mmoja mrefu, miguu imeanzia mabegani, wanamwita Twiga. Alipokuja kwa mara ya kwanza alikuwa muuza duka la vifaa vya shule aliyependa kukimbia. Kocha alimsikiliza anavyokanyaga, akarudi nyumbani akamwambia kaka yake, "Nimempata." Hakusema amempata nani. Mume wangu alidhani ni mchumba, akafurahi wiki nzima.

Lazima niseme na hili, maana bila hili hutaelewa kitu. Ujanani mwake wifi yangu alikimbia mchujo wa timu ya taifa. Walikuwa wanachukua watatu. Yeye aliingia wa nne, na wa tatu alimshinda kwa kifua. Hadithi hiyo hajawahi kunisimulia. Nilisimuliwa na mume wangu, naye akaniomba nisiitaje mbele yake. Mwaka uliofuata ukapita, na mwingine, na wengine wakaja wenye mapafu mapya. Hakulalamika. Akaanzisha kikundi. Lakini mtu anayesema kwamba lile jambo liliisha hajawahi kumwona Kocha akitazama mashindano kwenye televisheni. Hutoka nje kabla timu hazijapita na bendera, anasema anakwenda kuangalia kama bomba linatoa maji.

Sasa mguu. Ulianza kumuuma kwenye mgongo wa mguu, juu hapa katikati, pale kamba za raba zinapopishana. Mtu mwenye akili zake angekwenda hospitali. Wakimbiaji wana dawa yao. Raba ikikubana mahali, unaichomoa kamba kwenye lile tundu linalokaa juu ya maumivu, unaliruka, unaendelea na tundu la mbele. Basi pale pamebaki wazi, hakuna kinachobonyeza, unakimbia. Wanaita kuruka tundu. Kwa raba mpya inayobana, ni ujanja mzuri, na Kocha aliufundisha kikundi kizima. Lakini yeye akaufanya kwa mfupa ulioanza kupasuka. Akaruka tundu, akakimbia nao. Ukauma tena, akaruka la pili. Mwaka mzima mwanamke anakimbia na mfupa wenye ufa, na ukimwuliza vipi mguu, anakujibu, "Unafanya kazi." Mpaka asubuhi moja akiwa na bahasha za watu mkononi, kwenye korido ya ofisi, sakafu laini kabisa, mguu ukakataa. Akakaa chini palepale. Wakambeba kwenye kiti chenye magurudumu cha karani.

Walimfungua wakamtia skrubu. Watu wakaja kumjulia hali, na kila mmoja alikuja na methali ileile kana kwamba ameitunga njiani: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jirani kaisema. Mchungaji kaisema. Bosi wake wa ofisini kaisema, akacheka mwenyewe. Mtu wa mwisho kuisema alikuwa fundi bomba aliyekuja kutengeneza sinki wala hamjui, na wifi yangu akamwambia, "Kaka, tengeneza sinki." Siku hiyo nilicheka mpaka nikakosea mshono.

Tulimweka sebuleni, kwenye kiti karibu na mlango, kwa sababu pale pana upepo na pana cherehani yangu, na mimi kazi zangu nafanyia hapohapo. Mguu juu ya kigoda, mito miwili chini yake. Kutwa nzima tuko wawili. Mimi nashona, yeye ananisahihisha. "Wifi, unakanyaga pedali kwa kisigino, utaumia kiuno." "Wifi, ule mguu wako wa kushoto mvivu." Namwambia mguu wangu mvivu lakini mzima. Anapiga simu kwa wakimbiaji na kuwaambia wamwekee simu chini kwenye nyasi wakati wanapita, asikilize. Basi sebuleni kwangu kukawa kunasikika vishindo vya miguu ya watu kutoka kwenye simu, na yeye amefumba macho, anatikisa kichwa.

Siku mbili tatu nilimkuta jikoni amesimama. Amesimama kwa miguu yote miwili, ameshika ukingo wa meza, anaujaribu. Nilimrudisha kwenye kiti kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa kwa sababu mama mkwe anaweza kusoma. Alinitazama kwa ule uso wake usio na habari. Nikamwambia, "Huo uso kawafanyie wapinzani wako, mimi nimeolewa na kaka yako, nimeshazoea kutojibiwa."

Mchujo mwingine wa timu ya taifa ulikuwa unakaribia, mbio za barabarani ambazo hata watu wa kawaida hujiandikisha, na safari hii kila mtu alijua Twiga atachaguliwa. Hatukusema kwa sauti, kuogopa kijicho, lakini tulijua. Kocha alikuwa anazungumza mbio hizo kama mtu anayeandaa harusi. Barabara ipi ina mteremko, kona ipi usikate kwa ndani. Namba ya kifuani Twiga alikuwa ameshachukua mwenyewe. Kilichobaki ni sare, na sare ile nilitaka imkae vizuri, isije ikapigwa picha halafu watu waulize nani kashona.

Alikuja jioni moja kupimwa. "Shikamoo Mama Fundi."

"Marahaba mwanangu. Vua, simama hapa kwenye mwanga."

Akavua raba mlangoni kama wote wanavyovua, akampa Kocha mkono, akaja akasimama mbele yangu. Nikapima mabega, nikapima kifua. Nilipofika kiunoni utepe ukawa haukai sawa. Nikampima tena. Nikaona kumbe yeye ndiye hajasimama sawa, uzito wote ameuweka mguu wa kulia, wa kushoto ameuegesha tu kama mtu aliyekuja kusalimia na hataki kukaa. Nikamwambia, "Simama vizuri, bibi harusi." Akasimama vizuri, uso umetulia.

Kwa nini nilitazama mlangoni wakati ule, sijui. Mimi ni fundi wa nguo, uzi ulioruka sehemu jicho langu linauona hata nikiwa kanisani. Zile raba zilikuwa pale kizingitini, zimepangwa vizuri. Ya kulia kamba imepishana tundu kwa tundu. Ya kushoto, katikati, kamba imeruka. Na si tundu moja. Mawili.

Nikainua macho kumwangalia Kocha. Kiti chake kiko palepale mlangoni, raba ziko karibu na mkono wake. Alikuwa anazitazama. Alizitazama muda mrefu kiasi kwamba hata mpumbavu angejua ameona. Kisha akageuka dirishani akasema, "Jumapili kutakuwa na upepo wa kutoka mbele. Jifiche nyuma ya wenzako mpaka daraja."

"Sawa, Kocha."

"Umekula?"

"Nimekula, Kocha."

Akaenda zake. Nikaweka utepe chini.

"Umeona," nikamwambia.

"Nimeona nini?"

"Wifi, mimi na wewe tusifanyane watoto. Raba ya yule binti."

"Labda inambana. Ni mpya."

"Mpya? Ile raba soli imekwisha mpaka unaona soksi. Na hata wewe ulikuwa unasema hivyohivyo, inanibana, inanibana, mpaka wakakubeba na kiti cha karani."

Nikadhani anatafuta jibu la kunikata. Aliponijibu sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni mbio moja tu. Akimaliza hiyo moja jina lake limeandikwa. Halafu atapumzika, nitampeleka mwenyewe kwa daktari."

"Na mfupa ukikatika katikati ya barabara?"

"Hautakatika. Wangu ulinivumilia mwaka."

"Kocha, yule mguu si wako."

"Wifi," akasema, "shona nguo zako."

Nilikasirika. Sitaficha, nilikasirika mpaka nikaiacha cherehani, kwa sababu ningejidunga. Nilimwonea huruma pia, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba huwezi kumkasirikia mtu vizuri huku unajua anachokililia. Nilikuwa nakiona kabisa. Alikuwa anamwona yule binti akiingia ndani ya watatu, na yeye wa nne akiingia pamoja naye. Lakini mguu wa mtoto wa mwenzio si tiketi.

Siku zilizofuata nilimhudumia kwa kimya. Chai naweka mezani mbali kidogo na mkono wake, aombe. Hakuomba. Mume wangu akirudi anakuta sisi wawili tumekaa kila mtu na ukuta wake. Akaniuliza chumbani kuna nini, nikamwambia muulize dada yako. Akamwuliza, akaambiwa muulize mkeo. Akasema, "Nyinyi mkigombana mimi naomba tu mniambie nakula kwa nani." Akaenda kununua mkate.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Kocha kwenda kupigwa picha ya mfupa. Nilimpeleka mimi, maana hasira ni hasira na hospitali ni hospitali. Daktari wa mifupa ni mama mmoja mpole, anayeongea taratibu. Aliiweka ile picha kwenye mwanga, akatuonyesha skrubu, na mfupa. Ulikuwa umeunga. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Kocha akauliza jambo moja tu.

"Nitaanza lini kukimbia?"

Daktari akavuta kiti akakaa, na daktari akivuta kiti ujue habari imebadilika. Akasema mfupa umeunga, ndiyo, lakini umeunga kwenye kipande kilichokuwa kimeanza kufa. Atatembea. Atafanya kazi yake, atapanda ngazi zake. Mbio ndefu, hapana. Akasema polepole, mara mbili, ili asije akasikia vingine. "Ungekuja mapema, tungekufunga tu, ungekaa kitako, ungepona. Hata skrubu tusingetia."

"Mapema lini?"

"Ulipoanza kuuma, dada yangu."

Tulitoka. Kwenye korido kuna benchi la mbao ambalo watu wanasubiria dawa. Akakaa hapo, magongo ameyalaza mapajani, akalia. Sijawahi kumwona akilia, na sikujua kwamba analia kama watoto, kwa sauti, bila kujifunika. Watu wakageuka. Nikamshika. Nilitaka kumwambia yatapita, nikaona nitakuwa namdanganya, nikalia na mimi. Yule mama wa dirisha la dawa akatuita kwa namba, tukamwacha aite.

Alipotulia akapangusa uso kwa kanga yangu, akasema, "Leo wako uwanjani saa hizi."

"Nani?"

"Nipeleke, wifi. Kabla sijabadilisha mawazo."

Teksi ilitufikisha mpaka kwenye lango la ghala, pale mbele ni mchanga, tukaenda taratibu kwa magongo. Wakimbiaji walikuwa wanapasha misuli. Walipomwona wakashangilia, wakamzunguka, mmoja akaleta tofali la kukalia. Kocha akawaambia waendelee. Akamwita Twiga peke yake.

"Vua raba ya kushoto."

Twiga akamwangalia. "Iko sawa, Kocha."

"Vua."

Akavua. Kocha akauchukua mguu ule akauweka mapajani mwake, akapapasa mgongo wa mguu kwa kidole gumba, taratibu, mpaka akafika mahali akakandamiza. Mimi nilikuwa natazama uso wa yule mtoto. Hakuna. Hata kope. Nikaogopa, kwa sababu mtu wa kawaida hata ukimkandamiza mahali pazima atasema unafanya nini.

"Panauma?"

"Hapana."

"Usinifanyie huo uso."

"Ndio ulionifundisha," Twiga akasema, tena kwa adabu.

Kocha akafungua kile kiatu kigumu alichopewa hospitali, akatoa soksi, akamwonyesha kovu. Akamwambia yote aliyoambiwa na daktari. Hakuruka neno. Kwamba kama angepumzika mwanzoni angepona kwa kukaa tu, na kwamba sasa hatakimbia tena. Akamwambia, "Jumapili usiende. Nenda kwa daktari kesho, nitakupeleka. Mwaka ujao upo."

Twiga alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo kwa sababu wewe hutakimbia, na mimi nisikimbie."

Mimi mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Kocha akaushika, akaushusha.

"Siku ile ulipokuja kupimwa," akamwambia, "niliona raba yako mlangoni. Nikajua. Nikanyamaza. Nilitaka uende, mwanangu. Nilitaka kuliko wewe unavyotaka. Kwa hiyo usidhani nakuzuia kwa kijicho. Nilikuwa tayari uvunjike."

Hapo ndipo uso wa yule binti ulipofunguka kidogo, na kilichotoka hakikuwa msamaha. Aliumia. Aliumia vibaya kuliko vile kidole kilivyomwumiza. Akaichukua raba yake, akaivaa, akafunga kamba vilevile alivyokuwa amezifunga, akaingia uwanjani na wenzake. Tulikaa pale tukimtazama akikimbia mazoezi yote. Kocha hakumtazama, alifumba macho akawa anasikiliza, na kila mara wale mabinti walipopita mbele yetu alinifinya mkono.

Simu Twiga hakupokea usiku ule. Jumamosi hakupokea. Mume wangu alikwenda dukani kwake, akaambiwa ameomba ruhusa. Nyumbani kwake mama yake akasema ametoka, na mama mtu hakujua kitu, alikuwa anapiga pasi ile sare niliyoshona ili binti yake apendeze. Mume wangu alirudi na habari hiyo akaisema taratibu, Kocha akaitikia kwa kichwa. Tulikuwa tumeshaacha kununiana, mimi na yeye. Nilimwekea chai karibu na mkono.

Jumapili tulitoka watatu. Mwanzoni mwa mbio kulikuwa na msongamano, na kwa magongo tusingepenya, kwa hiyo tulisimama kwenye kona ya kituo cha mafuta, pale ambapo barabara inateremka kuelekea darajani na kila mkimbiaji lazima apite. Mume wangu alileta kiti cha kukunja, dada mtu akakataa kukikalia. Alisimama kwa gongo moja, mbele kabisa, tumbo limegusa kamba waliyofunga polisi.

Pikipiki ya kuongoza ikapita. Kisha wanawake wa mbele wakatokea juu ya mteremko, kundi moja limeshikana, nyuso zote zimefungwa. Watu wakapiga makofi. Mimi macho yangu si ya mbali, nikawa namwuliza mume wangu, yupo? Yupo? Naye anasema subiri, subiri. Kocha aliinama juu ya kamba. Wakapita kwa vishindo, jasho lao likaturukia, wakaenda. Likaja kundi la pili. Wakaja wale waliotawanyika, mmoja mmoja. Wakaja wanaume wanene wa maofisini wenye fulana za benki, wakaja watu wanaotembea na kupiga picha, akaja mzee mmoja anacheka peke yake, na nyuma yake gari la wagonjwa likienda polepole. Nililitazama lile gari lilivyopita. Vioo vyake vilikuwa na pazia.

"Dada," mume wangu akasema, "tuondoke."

"Bado," Kocha akasema.

Polisi wakaanza kukunja kamba. Watu wakapungua. Mtu wa kituo cha mafuta akatoka na ndoo akamwaga maji pale walipotupa vikombe, na mimi nikaanza kukikunja kile kiti ambacho hakuna aliyekikalia.

Alikuja kwa nyuma yetu, upande wa pampu. Hakuwa amevaa sare. Amevaa gauni la kawaida na kandambili, mguu wa kushoto amefungwa bandeji mpya ya hospitali mpaka juu ya kifundo, na anachechemea waziwazi mbele za watu. Macho yamevimba. Alikuja akasimama ubavuni mwa Kocha, akatazama barabara iliyokuwa tupu. Nikataka kumkumbatia, mume wangu akanivuta nguo.

Walisimama hivyo, bega kwa bega.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba."

"Nani alikuwa anaongoza?"

Wifi yangu aliegemea gongo lake, akamgeukia.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nakutafuta wewe, huku naomba nisikuone."